Seti ya nyaya za saketi 12 kwa pikapu kuukuu: tathmini kwa anayesafisha kazi ya mwenye gari aliyepita

Pikapu ya miaka ya 1950 hadi 1980 ikishapita mikono ya watu wanne watano, sehemu iliyoumizwa zaidi huwa ni nyaya. Mmoja alitaka redio, mwingine taa za ukungu, mwingine feni ya umeme ya rejeta, mwingine tela, na kila mmoja alikata pale mkono ulipofika. Seti za jumla zenye saketi 12 zinauzwa kama dawa ya fujo hiyo: ng'oa zote, funga mpya. Hapa tunazipima zikiwa ndani ya gari lililoharibiwa na mtu mwingine, maana huko ndiko zinakofungwa zaidi.

Hukumu yetu ni hii. Sanduku la fyuzi na nyaya zenyewe ni nzuri na zinastahili kununuliwa. Vichwa vya waya vinavyokuja nazo mara nyingi ni vya kuweka kando, waya mkuu wa betri hauna ulinzi wa kutosha, taa za mbele hazina rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa), na maelekezo yanadhani kila pikapu ilitoka General Motors. Anayejua mapengo hayo mapema atapata gari salama. Asiyejua atakuwa ameondoa nyaya chafu na kuweka nyaya safi zenye makosa yale yale.

Kagua kwanza, kununua baadaye

Fungua tepu ya zamani sehemu mbili: karibu na manifoldi ya moshi, na nyuma ya dashibodi. Chukua waya mmoja uukunje kama pete ya kidole. Ganda likipasuka, hakuna cha kuokoa na seti nzima ndiyo jibu. Ganda likiwa bado laini, na makato yakiwa yamejikusanya nyuma ya redio, kwenye swichi ya taa na chini ya bodi la mizigo pale tela ilipounganishwa, rekebisha nyaya za kiwandani. Kazi hiyo ni bora kuliko seti yoyote ya jumla, kwa sababu urefu, rangi na plagi vyote vinafuata mchoro wa gari lako, na fundi atakayekuja baada yako ataweza kuusoma.

Kuna dalili zinazomaliza mjadala. Fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara ni mojawapo: mtu aliona fyuzi inaungua, akaondoa mlinzi badala ya kutafuta mwizi. Fyuzi ya ampea 30 mbele ya waya wa 1 mm² ni kosa hilo hilo katika sura ya heshima zaidi, kwani waya huo utawaka kabla fyuzi haijakatika. Waya wa nyumbani wenye shaba moja ngumu ndani hauna kazi kwenye gari. Mtikisiko huukata pale ulipobanwa, na hukatikia ndani ya ganda ambako jicho halioni. Halafu kuna vile vibano vya plastiki vinavyobana waya juu ya waya bila kumenya. Ubapa wake wa chuma hukata nyuzi kadhaa za shaba, maji huingia, na baada ya misimu michache ya mvua unakuta unga wa kijani na taa inayowaka ikipenda. Ukikuta vibano hivyo vingi kwenye gari moja, usipoteze muda kuvitoa kimoja kimoja.

Kilicho ndani ya boksi

Sanduku la fyuzi ni la fyuzi bapa za kawaida, zenye rangi zinazojulikana kokote: nyekundu ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Hilo peke yake ni maendeleo makubwa kutoka kwenye fyuzi za kioo za zamani, ambazo vishikio vyake hulegea, hupata kutu, huanza kupasha joto, na kumfanya mtu alaumu fyuzi wakati tatizo ni kishikio. Saketi 12 zinatosha kwa pikapu ya kawaida: taa za mbele, za paking, indiketa, hazadi, breki, honi, waipa, feni ya hita, redio, geji, koili, na moja ya akiba. Ukitaka kiyoyozi, madirisha ya umeme au pampu ya mafuta ya umeme, chukua ya saketi 20 au zaidi tangu mwanzo. Kuongeza sanduku la pili baadaye ndiko kunakorudisha fujo uliyoing'oa.

Nyaya zimechapishwa jina la kazi yake kila baada ya sentimita chache, na hili ndilo jambo tunalolisifu bila masharti. Ukiwa umelala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, maandishi yana faida kuliko rangi. Rangi nazo karibu kila mara zinafuata desturi ya General Motors: kahawia ni taa za mkia, kijani mpauko ni fuli, kaki ni dimu, buluu iliyokolea ni indiketa ya mbele kulia, buluu mpauko ya mbele kushoto, kijani iliyokolea ya nyuma kulia, njano ya nyuma kushoto, zambarau ni starta, waridi ni umeme wa swichi ya ufunguo, rangi ya chungwa ni umeme wa wakati wote. Kama gari lako ni Ford, Dodge, Datsun au Toyota, chora jedwali lako la rangi za zamani na mpya kabla ya kukata waya wa kwanza.

Ganda la waya ndilo linalotenganisha seti nzuri na ya hovyo. Seti nzuri hutumia ganda linalovumilia joto hadi nyuzi 125 za Selsiasi na lisiloyeyuka. Za bei ya chini hutumia plastiki ya kawaida ya PVC, inayolegea mapema zaidi karibu na injini. Kuzitambua ni rahisi: gusa kipande cha mwisho kwa ncha ya pasi ya kulehemu. PVC huyeyuka na kukimbia, ile nyingine huacha alama tu. Kama seti yako ni ya PVC, bado inafaa ndani ya kebini na kuelekea nyuma, ila nyaya za upande wa injini zibadilishe.

Unene wa shaba unatosha, isipokuwa sehemu mbili. Waya wa taa za mbele wa 2 mm² ni sawa kama kuna rilei, ni mwembamba kama hakuna. Waya wa kuchaji, ambao kwa kawaida ni wa takriban 5 mm², ulipangiwa alteneta ya ampea 60 hivi. Mwenye gari aliyepita akiwa ameshaweka alteneta ya ampea 100, na wengi wameweka, toa waya huo na upitishe wa 16 mm² moja kwa moja hadi betri, ukiwa na fyuzi ya bolti ya ampea 125 karibu na betri.

Ulinzi wa waya mkuu

Seti nyingi zinaleta waya mwekundu mnene kutoka betri hadi sanduku la fyuzi na kukuachia wewe. Fyuzi zote 12 ziko baada ya waya huo, hivyo waya wenyewe, unaopita kwenye tundu la ukuta wa chuma karibu na injini, haulindwi na chochote. Ukichubuka na kugusa bodi, betri nzima inamwagika hapo, na pikapu imeungua. Kiwandani waliweka kipande cha waya-fyuzi, mwembamba kwa hatua 4 za kipimo cha unene wa waya kuliko waya unaolindwa, chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, kwenye taminali ya starta au ya betri. Wenye magari waliotangulia hukitoa kikiungua na kuweka waya wa kawaida. Rudisha kipande hicho, au weka fyuzi ya bolti, isiwe mbali na betri zaidi ya sentimita 30. Tundu la ukuta wa injini liwe na mpira wake, usiopasuka, unaokaza. Mpira wa kwenye boksi haulingani na tundu nyingi za zamani. Pima kipenyo kabla.

Hapo hapo kuna suala la geji ya ampea. Kwenye Dodge za zamani na nyinginezo, umeme wote wa kuchaji unapita ndani ya geji hiyo dashibodini kwa taminali mbili. Ilitengenezwa kwa alteneta ndogo za zama zake. Alteneta kubwa ikiwekwa, taminali hizo hupata joto hadi plastiki inabadilika rangi kuwa kahawia. Ukiona kahawia hiyo nyuma ya kundi la geji, usiunganishe tena. Funga nyaya mbili pamoja kwa bolti iliyofunikwa vizuri, na weka geji ya volti kwenye saketi ya geji. Volti kati ya 13.8 na 14.5 injini ikiwa kasi ya wastani inakueleza afya ya chaji kuliko sindano ya ampea.

Koili: hapa ndipo seti inapoua platini

Hili halimo katika maelekezo mengi, na ndilo linalowafanya watu waseme gari lilikuwa linakwenda vizuri kabla ya nyaya mpya. Pikapu nyingi zenye platini (vigusano vya ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunga umeme wa koili ili cheche itoke) hazipeleki volti 12 kamili kwenye koili wakati injini inazunguka. Kuna rezista, ama ya kauri kwenye ukuta wa injini, ama waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya la kiwandani, na kwenye Ford na Chevrolet nyingi ni waya. Unapong'oa fungu la zamani unatupa na rezista bila kujua. Waya wa waridi wa seti mpya unaleta volti 12 safi, koili ya omu 1.5 inavuta ampea 8 badala ya 4, na platini zinaungua na kuacha shimo upande mmoja na kilima upande mwingine.

Pima koili kwa multimita, nyaya zikiwa zimetolewa, kati ya chanya na hasi zake. Ikisoma karibu omu 3, haihitaji rezista. Unganisha waya wa waridi moja kwa moja. Ikisoma karibu 1.5, funga rezista ya kauri ya omu 1.4 hadi 1.6 kati ya waya wa waridi na chanya ya koili, na uifunge kwenye chuma mbali na plastiki kwa sababu inapata moto mkali. Kisha rudisha waya wa kuwashia: kutoka taminali ndogo ya solenoidi ya starta (R kwenye General Motors, I kwenye Ford) hadi chanya ya koili, ili wakati wa starta koili ipate volti zote za betri. Waya huu ukisahaulika, injini huzunguka bila kushika na hushika ukiachia ufunguo. Anayeijua dalili hiyo hatafungua kabureta bure.

Kinyume chake nacho kipo. Mwenye gari aliyepita akiwa ameweka distribyuta ya kielektroniki aina ya HEI (mfumo wa cheche kali wa General Motors) na kuiunganisha kwenye waya ule ule wenye ukinzani, cheche inakuwa dhaifu na injini inakohoa ikipanda kasi. HEI inataka volti 12 kamili na waya mnene, angalau 3 mm². Kwa gari la namna hiyo seti ya jumla ni tiba halisi, kwa sababu inaleta umeme safi bila kubadilisha kitu.

Taa za mbele

Kwenye seti, umeme wa taa za mbele unatoka betri, unaingia sanduku la fyuzi, unakwenda swichi ya dashibodi, unashuka hadi swichi ya fuli na dimu, unarudi mbele. Kila kituo kinapunguza kidogo. Nyaya zikiwa mpya, swichi bado ni ya zamani, na huko ndiko volti zinakopotelea. Pima taa zikiwaka: ncha nyekundu ya multimita kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye mguu wa chanya wa taa. Ikizidi nusu volti, kuna kazi. Kwa balbu za halojeni, volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo kulalamikia balbu kabla ya kupima hakusaidii.

Rilei mbili zinamaliza tatizo, na ni aibu ya seti hizi kwamba hazimo. Mguu wa 30 unapata waya wa 4 mm² kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 20. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa zote mbili. 85 kwenye ethi (bodi ya gari, inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri). 86 unapokea waya wa zamani wa fuli, na rilei ya pili waya wa dimu. Swichi za dashibodi sasa zinabeba chini ya nusu ampea badala ya 10. Angalia rilei yenyewe: yenye mguu wa tano katikati mara nyingi ni 87a, ambao una umeme wakati rilei imezimwa. Ukiunganisha taa hapo zitawaka usiku kucha gari likiwa limelala.

Kwa Toyota za miaka ya 1970 na 1980, soma aya hii mara mbili. Hilux za zama hizo hupeleka chanya kwenye taa moja kwa moja, na swichi ya fuli na dimu inakata upande wa ethi. Seti ya jumla inafanya kinyume: swichi inakata chanya. Ukiunganisha kwa kufuata majina ya waya tu, utapata fyuzi inayoungua au taa zinazowaka pamoja kwa mwanga wa nusu. Ama ubadilishe mpangilio wa soketi za taa na utumie rilei, ukiacha swichi ya zamani ivute mguu wa 85 kwenye ethi huku 86 ukipata umeme wa swichi ya taa, ama uache nyaya za kiwandani za taa za mbele zikae. Njia ya kwanza ni safi zaidi.

Taa za nyuma

Seti inadhani taa ya breki na indiketa ni utambi mmoja wa balbu moja nyekundu, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za Marekani. Umeme wa breki, waya mweupe, unaingia kwanza kwenye swichi ya indiketa kwenye usukani, halafu unagawanywa kulia na kushoto. Gari lako likiwa na indiketa za rangi ya chungwa nyuma, utaratibu huo haufai: peleka waya wa breki moja kwa moja nyuma, na utumie njano na kijani iliyokolea kwa indiketa tu. Plagi ya usukani ya seti nayo inalingana na usukani wa General Motors. Kwa mwingine wowote utakata, na hapo hesabu kila waya kwa multimita, usikisie kwa rangi.

Mwenye gari aliyepita aliyeweka balbu za LED huacha indiketa zinazopepesa haraka, au zisizopepesa kabisa. Flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) ya zamani ya joto inahitaji mvuto wa balbu za kawaida ili ifanye kazi. Weka flasha ya kielektroniki yenye waya wake wa ethi. Rezista kubwa za kudanganya flasha zinafanya kazi, lakini zinapasha joto karibu na plastiki na hatuzipendi.

Pima urefu wa waya wa nyuma kwa kamba kabla ya kununua, ukifuata njia halisi: kutoka sanduku la fyuzi, chini ya kebini, ndani ya ubavu wa chasisi, hadi taa ya mbali. Pikapu ya chasisi ndefu inaweza kukosa waya, na kiungio katikati ya chasisi ni mwanzo wa ugonjwa ule ule.

Ethi

Seti ya jumla inaleta nyaya za chanya na karibu hakuna ethi. Ndiyo maana watu wanabadilisha nyaya zote na taa zinabaki hafifu. Pikapu ina tatizo ambalo gari dogo halina: bodi la mizigo limekaa juu ya mbao au mipira, limefungwa kwa bolti zilizopakwa rangi, na halina uhakika wa kugusana na chasisi. Taa za nyuma zinazotegemea bodi kupata ethi zitaazima njia kupitia utambi wa taa nyingine, na hapo utaona ukikanyaga breki, indiketa inang'aa kidogo na taa ya mkia inafifia.

Nyaya za ethi zinazotakiwa ni hizi: waya wa 25 mm² au zaidi kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini, wa 6 hadi 10 mm² kutoka hasi hadi bodi ya kebini, mkanda wa shaba kutoka injini hadi chasisi au ukuta wa kebini, na waya wa 2.5 mm² unaokwenda nyuma sambamba na zile za taa, ukifunga kila taa. Kila sehemu ya kufungia ikwanguliwe hadi chuma king'ae, wekewa washa yenye meno, kaza, kisha paka rangi au grisi juu yake ukishamaliza, si kabla. Ethi ya injini ikikosekana, umeme wa starta hutafuta njia kupitia kebo ya klachi au ya mafuta. Kebo iliyoungua ganda lake bila sababu ya kuonekana ni ushahidi wa hilo.

Kipimo ni kifupi. Taa zikiwaka, multimita kati ya hasi ya betri na ethi ya taa: isizidi volti 0.2. Starta ikizunguka, kati ya hasi ya betri na bloku ya injini: isizidi volti 0.3.

Vichwa vya waya na koleo

Mfuko wa vichwa vyenye plastiki nyekundu, buluu na njano unaokuja na seti, tumia kwenye redio ukipenda. Kwingineko nunua vichwa vilivyo wazi vya shaba iliyopakwa bati, vyenye mabawa mawili: jozi moja inabana shaba, nyingine inabana ganda ili mtikisiko usiishie kwenye nyuzi. Koleo liwe lile lenye meno, lisilofunguka mpaka limebana kikamilifu. Koleo bapa la kukata waya linabonyeza tu. Menya milimita 5 hadi 6, shaba ionekane kidogo mbele ya mabawa, bana, vuta kwa nguvu ya mkono. Kikitoka, kilikuwa kitoke barabarani. Funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani kwa sehemu za nje ya kebini.

Kulehemu kwa risasi si kosa, ila risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu, nao hukatikia pale ugumu unapokomea. Ukilehemu, funga waya kwenye kitu kisichotikisika ndani ya sentimita 5 kutoka kiungio.

Kufunga na kuwasha mara ya kwanza

Usitoe fungu la zamani lote kwa siku moja. Toa betri, piga picha kila plagi, weka lebo kila ncha, kisha funga sanduku jipya na utandaze nyaya zote zikiwa ndefu kabla ya kukata hata moja. Maliza eneo moja, nenda jingine: nyuma, injini, taa za mbele, dashibodi mwisho. Nyaya zikae mbali na manifoldi, angalau sentimita 10, na zifungwe kila sentimita 20 hadi 30. Nyongeza zote ulizozikuta, swichi za ajabu na waya usiojulikana unakokwenda, zitafutwe mwisho wake kabla ya kutupwa. Waya mmoja kati ya hiyo unaweza kuwa ule unaozima solenoidi ya kabureta.

Geji zina mtego wake. Ford na Dodge nyingi hutumia kidhibiti kinachoshusha umeme wa geji hadi wastani wa volti 5, na magari ya Uingereza yenye geji za Smiths volti 10. Ukizipa 12 kutoka kwenye waya wa waridi, sindano ya mafuta na ya joto zinaruka juu na kuungua. Kama mwenye gari aliyepita alibadilisha geji au floti ya tanki, pima floti: General Motors kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ni omu 0 tupu na 90 imejaa, Ford ni 73 tupu na 10 imejaa. Geji ya mmoja na floti ya mwingine haziongei.

Kuwasha: fyuzi zote nje, hasi ya betri iunganishwe kupitia balbu ya wati 21. Balbu ikiwaka kwa nguvu kabla hujagusa swichi, kuna waya unaogusa bodi, tafuta, usiendelee. Isipowaka, ingiza fyuzi moja moja. Balbu ikiwaka kidogo kwa fyuzi ya saa au redio ni kawaida. Mwisho ondoa balbu, weka multimita upande wa ampea: gari la zamani lililozimwa lisivute zaidi ya miliampea 50, na nyingi hazivuti kitu.

Kwa wenye Ford za kabla ya 1956 na Chevrolet za mwanzo wa miaka ya 1950, kuna hatua ya kabla ya yote haya. Gari lilizaliwa na volti 6, na Ford chanya ikiwa ndiyo ethi. Kama limegeuzwa kuwa volti 12 na mtu mwingine, thibitisha kwamba koili, balbu zote, injini ya hita na geji vimegeuzwa pia, maana starta ya volti 6 itavumilia 12 kwa sekunde chache na kukupa imani kwamba kila kitu kiko sawa.

Pampu ya mafuta ya umeme iliyounganishwa na mwenye gari aliyepita iwe na rilei inayokatwa na swichi ya shinikizo la oili, au swichi inayozima gari likigongwa. Seti inatoa waya, haitoi kinga hiyo. Na pampu yenyewe isome 4 hadi 7 psi (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kabureta. Ya sindano za mafuta itasukuma mafuta kupita vali ya kabureta hadi kwenye manifoldi ya moto.

Kwa pikapu ya Marekani yenye nyaya zilizokatwakatwa tunaipa seti ya saketi 12 nyota 4 kati ya 5, mradi uongeze rilei mbili za taa, fyuzi ya waya mkuu, vichwa vipya na mita 10 hivi za waya mweusi wa ethi. Kwa Toyota na Datsun tunatoa 3, kwa ajili ya kazi ya kugeuza taa na plagi ya usukani. Kwa gari ambalo fungu lake la kiwandani bado ni laini, usinunue. Tumia pesa hiyo kwenye koleo zuri na mchoro sahihi wa nyaya za mwaka wa gari lako.